KERO: Meshi inayoteleza ikilipuka, kila mtu "punguza hatua ya muda"

Wakuu, hii tabia ikome. Mtu analeta simulesheni ya kichanganyio kwenye OpenFOAM (programu ya kukokotoa mtiririko wa maji na hewa), rota (sehemu inayozunguka) mizunguko 1500 kwa dakika, hesabu zinalipuka hatua ya tatu, yaani namba zinavurugika na programu inakufa. Watu watano wanamjibu "punguza hatua ya muda". Hakuna hata mmoja anayemuuliza kiolesura, yaani mpaka kati ya meshi (wavu wa seli) inayozunguka na iliyotulia, kimetengenezwaje. Anapunguza mara kumi, sasa inalipuka hatua ya thelathini. Yaani rota imefika pembe ileile! Ukikata muda na kosa likabaki kwenye pembe ileile, ugonjwa uko kwenye meshi.

Mizunguko 1500 kwa dakika ni nyuzi 9000 kwa sekunde. Hatua ya uzi mmoja ni sekunde 0.00011, na hapo ni pazuri pa kuanzia. Na omega (kasi ya mzunguko) inaandikwa kwa radiani kwa sekunde: 157.08. Kuna watu wanaandika 1500 halafu wanalaumu programu.

Kinachoua kesi nyingi ni pande mbili za kiolesura ambazo hazijatenganishwa. Amri ya createBaffles inaweka nyuso mbili mahali pamoja, lakini pointi bado ni za wote. Rota ikianza kugeuka inaziburuta seli za stata (sehemu iliyotulia), zinapindika kama nguo inayokamuliwa, ujazo unakuwa hasi. Endesha mergeOrSplitBaffles na -split, kisha checkMesh, amri ya kukagua meshi. Lazima ioneshe maeneo 2. Itaweka kinyota cha onyo kwamba maeneo hayajaungana, na hapo ndipo wengi wanapotishika na kuyaunganisha tena. Jamani, kinyota hicho ndicho tunachokitaka!

La pili, duara lisilo duara. Kiolesura cha nusu kipenyo milimita 100 kikigawanywa nyuso 72, katikati ya kila uso panaingia ndani ya duara la kweli kwa milimita 0.095. Rota ikigeuka nyuzi 2.5, kona zake zinatazamana na katikati ya nyuso za stata, na pengo la karibu milimita 0.1 linafunguka. Ukiweka nyuso 180, pengo linabaki milimita 0.015. Seli za pande zote mbili ziwe na ukubwa unaokaribiana, na kiolesura kipite katikati ya ncha ya panga na ukuta, kisigusane na chochote.

Haya yote logi inayasema. Kila hatua cyclicAMI (aina ya mpaka inayounganisha meshi mbili zisizolingana) inachapisha jumla ya uzito, yaani sehemu ya uso inayotazamana na upande wa pili: ya chini, ya juu, wastani. Zote zikaribie 1. Ukiona ya chini ni 0.4, kuna uso ambao zaidi ya nusu yake hautazamani na kitu. Kumshauri mtu aweke lowWeightCorrection 0.2 (inayofunika nyuso zenye uzito chini ya hapo) ili kesi "iende" ni funika kombe mwanaharamu apite. Kesi itaenda, na torki (nguvu ya kuzungusha) itakayotoka haitafaa kwa lolote.

Mapanga ya rota yapewe movingWallVelocity, yaani kasi ya ukuta unaosogea. Ukiyawekea kasi sifuri, ukuta unasogea lakini hausukumi maji.

Sasa mipaka ya kujirudia, pale unapokokotoa kipande kimoja cha duara badala ya duara zima, ambako ushauri ni mbovu zaidi. Mpaka wa aina ya cyclic unadai kila uso upate pacha wake upande wa pili. Meshi zikitofautiana unagoma, na mtu anaambiwa apandishe matchTolerance (tofauti inayovumiliwa kati ya mapacha) kutoka 0.0001 hadi 0.1. Hapana! Nakili meshi ya upande mmoja uizungushe hadi wa pili, au tumia cyclicAMI. Kipande cha duara kiwe na mageuzi ya mzunguko. Ukiandika ya kusogea tu, vekta ya kasi inaingia upande wa pili ikiwa na mwelekeo usio wake.

Na kabla ya kukata kipande, hesabu mapanga. Rota 6 na stata 9 zinagawanyika kwa 3, kwa hiyo nyuzi 120 zinatosha: mapanga 2 kwa 3. Rota 7 na stata 11 hazina kigawo cha pamoja, tengeneza duara zima. Kipande cha rota kikiteleza kutoka mbele ya kipande cha stata, cyclicAMI ya kawaida haina cha kushika. Hapo ni cyclicPeriodicAMI, inayokirudiarudia kipande mpaka uso ufunikwe.

Anayeuliza aweke matokeo ya checkMesh, uzito wa chini kabisa na pembe ambayo kesi ilifia. Anayejibu bila kuvisoma hivyo vitatu, tafadhali apite kimya.