Anayepanda Rondo kumtafuta komba: alazimishwe kuchukua mwenyeji, au aachwe aende mwenyewe?

Mleta mada (Lindi mjini)

Wadau wa Kusini, salaam. Nina jambo linanikereketa, nimeona nilimwage hapa tulijadili.

Kijana mmoja wa Dar alinipigia simu akitaka ushauri. Hataki kampuni ya utalii wala gari la kukodi. Anataka apande basi mpaka kwetu, alale gesti, apande Rondo, ule uwanda wetu wa juu wenye msitu, kwa bodaboda, kisha usiku aingie msituni na tochi ya kichwani amtafute komba wa Rondo. Kwa wasiomfahamu, huyo ni komba wa gramu sitini hivi, mdogo kuliko komba wote, mkia wake kama ile brashi ya kuoshea chupa. Wataalamu walimtambua kuwa ni spishi yake peke yake miaka ya 1990, na zaidi ya mara moja ameingia kwenye orodha ya wanyama 25 wa jamii ya nyani walio karibu zaidi kutoweka duniani. Watu wengi wa Dar jina la Rondo walilisikia mwaka 2023 alipozikwa Bernard Membe, waziri wa zamani wa mambo ya nje. Huyu kalisikia kwa sababu ya komba, nikafurahi.

Nikampa ninayoyajua. Akija kati ya Juni na Oktoba barabara ni kavu. Mvua zikianza, aulize kwanza kabla ya kukata tiketi. Tusisahau Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ikakatika kule Somanga, watu wakalala kwenye mabasi. Akifika Mingoyo asipitilize kwenda Mtwara, akamate ya Masasi. Rondo ni hifadhi ya serikali, kwa hiyo kibali na malipo aanzie TFS, wakala wa serikali wa misitu. Na akifika kijijini, kabla hata ya kutua begi, aende ofisi ya kijiji asaini kitabu cha wageni.

Akaniuliza: "Na mtu wa kijijini nimchukue, au ni hiari?" Nikamjibu ni lazima. Jirani yangu wa duka akacheka, akasema mimi ndio nafukuza wageni.

Msimamo wangu haujabadilika. Anayeingia msitu ule achukue mwenyeji, na amlipe. Usiku kuna koboko. Tembo nao siku hizi watu wa Mtama, Nachingwea na Liwale hawahitaji kusimuliwa. Lakini hasa ni kwa sababu ya Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, zaidi ya tani 200, ikabebwa vichwani na babu zetu mpaka bandari ya Lindi. Leo mnyama mzima kasimama Berlin, watu wanakata tiketi kumtazama. Sisi tumebaki na kilima. Komba naye atachukuliwa kwa picha na sauti, na kijiji kitabaki na vumbi la pikipiki.

Mtazama Ndege (Mtwara)

Mkuu, kwa Tendaguru nakupa mkono. Kwa hiyo "lazima" yako, hapana.

Nimezunguka Litipo, Rondo nimepanda mara tatu, na Ziwani huku kwetu nimeshalala. Sehemu moja, sitaitaja, niliambiwa bila mwenyeji siingii. Sawa. Nikaletewa kijana, baadaye nikajua ni mpwa wa kiongozi. Njia nzima anaongea na simu, kavaa kandambili, na tulipofika kwenye miti mikubwa akaniuliza, "Sasa unataka kuona nini hapa?" Tulirudi bila hata kindi, na akadai nyongeza kwa sababu tumechelewa kula.

Aliyenifundisha kumpata komba ni mzee mmoja niliyekutana naye akitoka shamba. Hakuniomba hata mia. Alinikalisha chini jua linapozama, akaniambia zima tochi, funga mdomo. Komba hutafutwa kwa masikio kwanza. Msitu mmoja unaweza kuwa na komba wa aina mbili au tatu, na macho yao yote yaking'aa kwenye mwanga huwezi kumjua nani ni nani. Wanaachana kwa mlio. Hata hao wataalamu waliwatenganisha hivyo, kwa kulinganisha milio iliyorekodiwa. Ukishausikia, unasogea polepole na mwanga mwekundu, maana mweupe unawaumiza macho na wanakimbia.

Sasa niambie, ukiandika sheria ya lazima, atakayepewa kazi ni yule mzee au ni yule mpwa?

Tena kuna jambo la mfuko. Mpenzi wa ndege hakai saa mbili. Mvua za kwanza zikidondoka, Novemba kwenda Desemba, ndege anayeitwa pita anaingia misitu hii kuzaa. Siku chache tu anaruka juu ya tawi na kuita, akishapata mwenzi ananyamaza, na unaweza kupita hatua tatu kutoka alipo usimwone. Ili umpate unakaa siku saba, nane, alfajiri hadi jioni. Mwalimu wa sekondari kama mimi nitamlipa mtu siku nane anikodolee macho? Nitabaki nyumbani. Na msitu usiotembelewa na mtu ndio unaokatwa usiku bila shahidi.

Bodaboda wa Mtama

Mimi naomba kuuliza tu. Niliwapandisha Wazungu wawili, mtu na mkewe. Wakaniambia zima pikipiki, tukae kimya. Nimekaa kimya mpaka saa sita usiku, mbu wananila, natetemeka kwa baridi ya huko juu, wao wanashika vifaa vyao wanatabasamu gizani. Nikarudi na elfu arobaini. Je, mimi ni mwenyeji au si mwenyeji? Maana kama kuna posho ya uenyeji nilidhulumiwa.

Mleta mada

Bodaboda, wewe ni mwenyeji wa mbu.

Mtazama Ndege, nenda Jozani kule Unguja. Getini unapewa mwongozaji, hakuna mjadala, na sehemu ya kiingilio inarudi kwenye vijiji vya jirani. Watu wanajaa kuona kima punju. Hawajafukuzwa.

Mtazama Ndege

Kima punju wa Jozani anaonekana mchana, karibu na barabara, na kashazoea watu. Ziara ya saa moja. Komba wa Rondo huwezi kumuuza kwa tiketi ya saa moja. Unalinganisha mnazi na mkorosho.

Mstaafu wa Misitu (Nachingwea)

Vijana, hamjambo. Nimefanya kazi ya misitu miaka mingi, nitie neno kidogo kwa sababu naona mnachanganya mambo mawili.

Kwanza, mleta mada, koboko usiku kalala zake. Nyoka wa kumwogopa usiku ni kifutu. Yeye analala njiani kama kipande cha kuni, hakukimbii, unamkanyaga. Kwa hiyo viatu vya kufunika vifundo na tochi ya kumulika chini, siyo ile ya kichwani peke yake. Kandambili za yule mpwa zingeweza kumpeleka Nyangao hospitali.

La pili ni zito zaidi. Swali la "lazima" halina jibu mpaka useme msitu ni wa nani. Rondo ni hifadhi ya mazingira asilia, iko chini ya TFS. Mgeni analipia serikalini kwa namba ya malipo. Kijiji hakina mamlaka ya kuweka kamba njiani na kusema hupiti bila mtu wetu. Kikifanya hivyo ni kero, hata kama nia ni njema. Lakini Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imekipa kijiji nguvu juu ya msitu ulio kwenye ardhi yake. Huo kikiutenga kama hifadhi ya kijiji, kinatunga sheria ndogo, kinaweka walinzi na ada zake.

Na wapo waliofanikiwa hapa hapa mkoani. Kikole, kule Kilwa, mwaka 2009 walikuwa miongoni mwa vijiji vya mwanzo Afrika kupata cheti cha kimataifa cha uvunaji bora wa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Walikuwa wanauza mpingo bila hata kutamka neno utalii. Liwale kuna msitu wa Angai, umegawanywa kwa vijiji. Huko ukiniambia mgeni achukue mwenyeji kwa lazima, nitakuunga mkono, kwa sababu mwenye nyumba ndiye anayesema viatu vivuliwe wapi.

Rondo yenyewe ina historia ya kuingiliwa. Enzi za Mwingereza mvule zilivunwa sana kule juu, kisha ikapandwa misonobari na mitiki. Msitu wa asili uliosalia ndio huo komba anaokalia. Komba wa kule juu akiukosa huo, hana pa kuhamia.

Mama Ming'oko

Mstaafu, shikamoo.

Nimesoma yote. Mnazungumza mgeni alipe nani, mgeni aongozwe na nani. Sasa naomba niwaulize kuhusu sisi.

Mimi natoka kijiji kilichopakana na msitu, sitakitaja. Nilikuwa nikiingia na mama yangu tangu mdogo kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini, na kuokota kuni. Ming'oko mnaijua, mnaila Mtwara mjini kwenye sufuria za barabarani na pilipili, mnasifia. Inatoka wapi? Mwaka mmoja nilikutwa ndani na jembe la mkono na kikapu. Nilinyang'anywa vyote viwili, nikaambiwa nimshukuru Mungu sikupelekwa kituoni. Wiki hiyohiyo walipita wageni watatu na kamera ndefu kama bomba la maji, wakasindikizwa vizuri, na mmoja akatupa kifuniko cha chupa palepale.

Sisemi walifanya kosa kulipia. Sisemi kila mtu achimbe anavyotaka, maana najua sehemu zilizochimbwa mpaka zikabaki mashimo, na aliyezichimba ni sisi. Lakini mkiniambia komba ni wangu, nimtunze, huku jembe langu liko ofisini kwa mtu mpaka leo, mnanichekesha.

Bodaboda wa Mtama

Mama hapo umewamaliza.

Mstaafu wa Misitu

Marahaba, binti yangu. Umesema kweli na imeniuma. Kuna kitu kinaitwa usimamizi wa pamoja, kijiji na serikali wanaandikiana makubaliano: siku gani kuni kavu ziokotwe, nini kisiguswe. Yakiandikwa na kusomwa kwenye mkutano wa kijiji yanasaidia. Yakibaki kwenye faili, ndio hayo ya jembe.

Mleta mada

Nakubali nimeyumba kidogo. Nilianza na mgeni nikamsahau anayeishi jirani na msitu.

Nabadilisha maneno yangu hivi. Mchana, anayekwenda kutazama ndege aende, mradi kasaini kijijini, kalipia serikalini, kafuata njia. Usiku bado nasema aende na mtu, na siyo kwa ajili ya hela. Simu huko bondeni haishiki, na mtu aliyeteguka mguu saa nne usiku hapatikani mpaka asubuhi. Na huyo mtu asiteuliwe na ofisi. Ajaribiwe. Apigiwe rekodi ya milio mitatu, aseme yupi ni komba wa Rondo. Akikosea arudi kwenye korosho zake. Na alicholipwa kibandikwe ubaoni, tuone kama kinafika zaidi ya nyumba moja.

Mtazama Ndege

Hapo tunakaribiana. Neno lazima silipendi hata usiku, lakini mtihani wa milio nausaini leo. Tatizo lako ni muda: Oktoba mpaka Desemba kijiji kizima kiko mikoroshoni na kwenye minada, gesti zimejaa wanunuzi. Nani ataacha kuokota korosho akasikilize komba?

Mama Ming'oko

Yupo. Mdogo wangu wa kike. Analala shambani kulinda, usiku kucha anawasikia. Anaiga mlio wa yule mdogo mpaka anajibiwa. Lakini kila aliyekuja kutafuta mwenyeji alitaka mwanaume. Nyie mnaojadili hapa, mtamchukua?

Bodaboda wa Mtama

Hili swali gumu kuliko la posho yangu.

Mtazama Ndege

Dada, mimi namchukua. Nakuja na mke wangu, wakae wawili mbele, mimi nyuma nibebe chai. Wiki ya pili ya Novemba kama mvua itakuwa imeanza. Bei aitaje yeye.

Mama Ming'oko

Nitamwambia. Ila mvua ikianza ule mlima unateleza kama mlenda. Mwambieni Bodaboda aje na jembe, safari hii kuna kazi yake halali.