Nimelipa laki na ishirini mwanangu afundishwe adabu, karudi anakula kwa mkono wa kushoto

Wakuu, heshima zenu. Wakubwa wangu humu, shikamooni.

Nimekaa na hili jambo siku tisa nimeshindwa kulimeza. Likizo ya Juni nilimpeleka kijana wangu, yuko Darasa la Nne, kwenye mafunzo ya wiki mbili hapa Dar. Tangazo lilisema watoto watafundishwa adabu, ustaarabu na namna ya kuishi na watu. Ada laki na ishirini, nauli juu yangu. Jina la sehemu silitaji na msiniulize inbox, ninachotaka ni tuongelee hili jambo lenyewe.

Jumapili baada ya mafunzo mama yangu alikuja kutoka Pangani. Tumetandika mkeka, sinia la wali na samaki wa nazi katikati. Zamani kijana alikuwa anashika birika, anamnawisha bibi yake kwanza, halafu sisi, yeye mwisho. Safari hii akakaa, hakungoja mtu, akapeleka mkono wa kushoto kwenye sinia. Nikamuuliza, wewe vipi? Akanijibu kwa kujiamini kabisa: "Baba, tumefundishwa chakula kinapelekwa mdomoni kwa kushoto, kulia ni kwa kisu."

Mama hakusema neno. Aliushika ule mkono wa kushoto taratibu, akauweka juu ya goti la mtoto, akamkatia kipande cha samaki kisicho na miiba akakiweka upande wake wa sinia. Mimi ndiye niliyeshindwa kula.

Sina ugomvi na uma na kisu. Mtoto akienda hotelini ajue kuvitumia, ni jambo zuri. Lakini mtu mzima unayelipwa kufundisha watoto wa Kiswahili, unamfundishaje mtoto mkono wa kushoto bila kumwambia kwamba nyumbani kwao, kwenye sinia, mkono huo haugusi chakula? Hukumuuliza hata anakula wapi na nani? Wiki mbili nzima! Nimekagua daftari lake ukurasa kwa ukurasa. Kuna namna ya kukunja kitambaa cha mezani, namna ya kupeana mikono, namna ya kukaa kwenye kiti. Shikamoo haimo. Kubisha hodi mara tatu na usipojibiwa uondoke, haimo. Kumpokea mkubwa mzigo, haimo. Kusema pole, haimo.

Na hilo la pole ndilo limenifanya nifungue uzi huu.

Siku ya kufunga walifanya mahafali, watoto wakavalishwa majoho. Mama mmoja wa usafi, mtu wa makamo, alikuwa anapita na trei ya glasi za juisi. Mzazi mmoja kanyoosha miguu njiani, yuko kwenye simu. Yule mama akajikwaa, glasi mbili zikaanguka, juisi ikamwagika kwenye kitambaa cha meza ya mbele. Mwezeshaji, yule yule wa kufundisha ustaarabu, akamgeukia mbele ya watoto wote: "Wewe huna macho? Hebu toka hapa!" Mama wa watu akasema samahani, akainama kuokota vigae kwa mikono, anakausha sakafu kwa kanga yake mwenyewe. Ukumbi mzima hakuna aliyesema pole. Mwenye miguu hakuikunja hata baada ya hapo. Mimi nilinyanyuka kwenda kumsaidia, lakini nilichelewa, na aibu hiyo ninayo mpaka leo. Nyuma yangu katoto kakasema, "Huyu mama mjinga," mama yake akacheka.

Somo la siku hiyo watoto walilipata pale. Hayo ya daftarini watayasahau.

Mnisamehe kwa urefu, ila niseme na hili. Nikiwa na miaka saba, Pangani, nilimpita mbio bibi mmoja jirani aliyekuwa anachoma vitumbua barazani. Sikumwamkia. Akaniita, akaninyooshea kidole: "Rudi mpaka kwenye ule mnazi, upite tena." Nikarudi hadi kwenye mnazi, nikapita kwa mwendo, nikasema shikamoo bibi. "Marahaba mwanangu, mama hajambo?" Akanipa kitumbua cha moto. Hakunitukana, hakunipiga, hata nyumbani hakusema. Ila tangu siku ile sijampita mkubwa kimya.

Leo nani anaweza kumrudisha mtoto wa jirani kwenye mnazi? Utaambiwa umemnyanyasa. Na huyo mkubwa wa kuamkiwa yuko wapi? Naona kila siku mtoto anatoa shikamoo mara mbili, mtu mzima anaitikia "mh," macho kwenye simu. Kuitika marahaba nako ni wajibu jamani! Kwenye daladala vijana wamekaa, mjamzito kasimama ameshika bomba, na aliye dirishani anasikiliza video kwa sauti gari zima tunasikia. Dirishani kwenye ofisi za huduma, binti wa miaka ishirini na kitu anamwita mzee wa kumzaa baba yake "wewe, njoo." Hawa wote ni watu wazima. Nao walipaswa kuwa darasani siku ile, tena viti vya mbele.

Shuleni kuna Historia ya Tanzania na Maadili, imekuja na mtaala mpya ulioanza 2024. Kijana wangu anafaulu vizuri. Kwenye karatasi anajua kuheshimu wakubwa.

Nililiandika suala la yule mama kwenye grupu la WhatsApp la wazazi. Majibu niliyopata: niache ushamba, wenzetu wanaandaa watoto kwa dunia ya sasa. Mmoja akaniambia yule mama analipwa kwa kazi yake. Kwa hiyo mtu akilipwa haambiwi pole? Hayo ndiyo mnayowafundisha wanenu nyumbani?

Jumamosi nilirudi pale na kijana wangu, tukamtafuta yule mama, tukamkuta nje anapiga deki ngazi. Kijana akamwamkia, akamwambia pole kwa siku ile. Mama akaegesha fagio ukutani ndipo akaitika.

Walimu wenyewe nimewaandikia mambo mawili: wamwombe radhi yule mama mbele ya watoto wale wale, na wanirudishie nusu ya ada. Ujumbe umesomwa tangu Jumatatu, hawajajibu. Wameshaanza kutangaza awamu ya Desemba. Kama kuna mwenzangu humu aliyepeleka mtoto awamu ile ya Juni, ajitokeze, twende wote ana kwa ana.