Nianze kuuza hostingi kwa jina langu ao niachane nayo? (niko L'shi)

Mwana_Kamalondo
Jambo kwenu bote. Niko natengeneza masaiti hapa Lubumbashi, bakiliya bangu wengi ni kampuni ndogo zenye kutafuta kazi kwa migodi. Tangu ile sheria ya 2017 iseme kazi za sositretansi (kazi zenye kampuni kubwa inapatia kampuni ingine) ni za kampuni zenye mtaji mwingi uko kwa Wakongomani, kila mtu amefungua kampuni, na mtu wa manunuzi ukimwandikia na Gmail anakuona kama mchezo, kwa hiyo wanataka saiti na imeli yenye jina lao.

Sasa kila mmoja namlipiaka hostingi yake (nafasi ya saiti na imeli kwa serveri) Ulaya na kadi yangu, huyu mwezi wa tatu, yule wa saba, mapaswedi yote kwa daftari. Nimeona kuna hostingi ya riseli, unakodi nafasi kubwa kwa serveri ya wenyewe, wanakupa WHM (paneli ya mwenye kuuza), unaikatakata, kila kiliya anapata cPanel yake (paneli ya saiti na imeli zake), hata ns1 na ns2 (majina ya serveri kwenye domeni inaelekezwa) ni za domeni yako, hatajua kama nyuma kuna mtu mwingine. Kwa karatasi hesabu ni tamu kabisa. Lakini yaya (mkubwa wangu) mmoja ananiambia ni kuumiza kichwa bure. Wenye munaifanya, muniambie ukweli.

yaya_wa_Birere
Leki, faida iko ila usiitafute kwa nafasi ya diski, ile kila mtu anaipata Ulaya kwa bei ya chini kukushinda. Kiliya anakulipa kwa sababu anakupigia simu unaitika kwa Swahili, na analipa na Airtel Money ao M-Pesa. Hapa Goma banki zilipofungwa mwisho wa Januari 2025, wenye kujilipia na kadi walihangaika, mimi bakiliya walinitumia kwa simu, na dada yangu wa Kampala ndiye alilipa fakitire ya serveri.

Shida kubwa ni IMELI. Kwa serveri ya riseli munatumia IP (anwani ya serveri) moja watu wengi, hata watu hujui. Mmoja ana WordPress yenye plagini ya zamani, wanaingia, usiku serveri inatapika spamu, asubuhi IP iko kwa orodha ya Spamhaus (wenye kuorodhesha watuma spamu) na nyote munalipa deni la mtu mmoja. Kiliya wangu alituma prefakitire siku ya mwisho ya tenda, ikarudi na ujumbe mrefu wa Kiingereza, akanipigia ananisomea herufi moja moja, "yaya, hapa wameandika B, L, O, C, K", na saa inaenda! Tangu siku ile kila akaunti naiwekea kikomo cha imeli kwa saa, na SPF, DKIM na DMARC (alama kwa domeni za kuonyesha imeli ni yako kweli) naziweka kabla hata ya saiti, juu toka Februari 2024 Gmail inadai SPF ao DKIM hata kwa mwenye kutuma kidogo.

Mwana_Kamalondo
Asante yaya. Na wanaosema "nafasi bila mwisho"?

yaya_wa_Birere
Uongo wa biashara. Uliza CPU, RAM na hesabu ya mafaili kwa kila akaunti. Kama wanatumia CloudLinux (programu ya serveri yenye kuwekea kila akaunti kikomo) ni vizuri, saiti ya jirani ikichanganyikiwa inabanwa yenyewe.

fundi_usiku
chukua VPS tu (serveri ya kwako, unaisimamia mwenyewe) uache maneno

mama_domeni
Wewe fundi, VPS ni yeye atafanya apdeti, ni yeye ataamka serveri ikilala, na SNEL wamekata umeme. Kwa riseli ile kazi ni ya wenye serveri.

Ndugu wa L'shi, mimi niko Bukavu, mwenzangu amesahau pesa. Toka 2019 cPanel wanahesabu bei kwa akaunti, na karibu kila Januari inapanda, mwenye serveri anakusukumia wewe, na wewe kiliya alikwisha kukulipa mwaka mzima. Basi saiti zilizokufa zifute, na usimuahidi mtu bei ya miaka mitatu. Halafu kulipisha! Kitufe cha kufunga akaunti kiko, kubonyeza ndio kazi, mwenye deni ni pasta aliyekufungisha ndoa. Mimi naomba ya mwaka, mbele, bila hivyo siwashi kitu. Na domeni iandike kwa jina la kiliya, ukiandika lako siku mukigombana itakuwa kesi.

Jambo lingine: mwenye serveri akikufungia wewe, bakiliya bako bote wanazima dakika ile ile. Kwa hiyo bakapu weka kwingine. Ndani ya cPanel unatoa akaunti nzima faili moja, unaituma kwa FTP moja kwa moja kwa serveri nyingine, usiipitishe kwa megabaiti za simu yako utalia.

Mwana_Kamalondo
Sawa mama. Nitaanza na pakiti ndogo, niwahamishe hawa niko nao tu, wageni bado. Na mafakitire, ninunue WHMCS?

mama_domeni
Ile nayo inalipwa kila mwezi. Kwa bakiliya kumi na kitu daftari yako inatosha, andika tu tarehe ya domeni na ya hostingi mbalimbali, zinadanganyaka watu.

fundi_usiku
mi bado nasema VPS