Nilipima VVU mimba ikiwa changa, sasa nanyonyesha. Yale majibu bado yanahesabika?

MamaK_Makambako:
Habari zenu jamani. Mwanangu ana miezi mitano, ananyonya vizuri tu. Jana natafuta tarehe ya chanjo nikakutana na kadi yangu ya ujauzito. Kipimo cha VVU kimejazwa mara moja tu, hudhurio la kwanza, mimba ina wiki 13. Nilikuwa hasi. Mimba ilipofika miezi minane nesi alitaka nirudie, ila vipimo vilikuwa vimekwisha, nikaambiwa nije wiki inayofuata. Bodaboda kwenda na kurudi ni elfu sita, sikwenda. Siku ya kujifungua hakuna aliyeuliza.

Mume wangu yuko kwenye mbao huko Mufindi, anarudi mwisho wa mwezi. Sina neno naye. Ila mkoa wetu wa Njombe tunaujua, utafiti wa 2022-2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wana maambukizi. Usiku kucha naiwaza ile tarehe moja. Niache kunyonyesha kwanza? Na nikienda kuomba kupimwa, si wataniona nina jambo?

Mkunga_Iringa:
Mdogo wangu, usimwachishe ziwa, mnyonyeshe leo na kesho. Kapime.

Majibu ya wiki 13 yanaeleza ulivyokuwa siku ile, tena ukitoa zile wiki za nyuma ambazo kipimo hakioni kitu, tunaziita kipindi cha dirisha. Ndiyo maana tunarudia miezi mitatu ya mwisho. Mama akiambukizwa akiwa mjamzito au ananyonyesha, virusi vinakuwa vingi mno mwilini hizo wiki za mwanzo, na mtoto yupo hapohapo kifuani.

Nikuambie ninachokiona kliniki, maana kinaniuma. Mama akishajifungua, kadi yake inawekwa pembeni, inafunguliwa ya mtoto. Kuanzia hapo tunapima mtoto uzito, tunamchanja, tunaandika. Mama ni wa kumshika tu mtoto mizani ikitulia. Foleni ni watu 60, wahudumu wawili, kwenye rejista kuna "hasi" ya mwaka jana, nani atasimama kuuliza? Kwa hiyo uliza wewe. Sema, "Dada, nanyonyesha, naomba kurudia kipimo." Hakuna muuguzi anayeijua kazi yake atakushangaa.

Na ikitokea ni chanya, dawa unaanza siku hiyohiyo. Tangu 2013 hapa kwetu kila mjamzito na anayenyonyesha mwenye VVU anapewa ARV za maisha. Mtoto anapewa dawa ya kinga na kutolewa damu kisiginoni kupimwa. Bila dawa yoyote, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 huambukizwa. Kwa dawa, wanashuka chini ya 5.

Bibi_Shamba:
Mimi nilikuwa kama wewe. Kipimo kimoja, hasi, nikatulia. Mtoto alipofika miezi saba, ile mistari ya uzito kwenye kadi yake, iliyokuwa ikipanda kama ngazi, ikalala. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikaambiwa ni meno. Siku ya chanjo ya surua nesi mmoja kijana akaitazama kadi muda mrefu, akasema, "Mama, na wewe nikupime." Tukakutwa na VVU wote wawili.

Sasa ana miaka minne. Vidonge vyake nilikuwa nayeyusha kwenye maji, vinanukia stroberi, anakunywa mwenyewe na kulamba kijiko. Uzito umerudi. Lakini ile miezi mitatu ya mstari uliolala sijaisahau.

Baba_Mapacha:
Mwambie shemeji naye apime akirudi. Sisi wanaume tunaitwa hudhurio la kwanza, tunapimwa, basi, hadi mimba nyingine. Mimi nilipima tena mapacha wakiwa na miezi sita kwa sababu mke wangu aliniomba tukiwa tunakula. Sikukasirika.

MamaK_Makambako:
Nimerudi. Jana ilikuwa siku ya chanjo. Nilisema maneno ya dada mkunga vilevile. Yule nesi alinyamaza kidogo, akavuta kiti, akanitoboa kidole huku mtoto ananyonya. Nilikaa nikiitazama saa ya ukutani. Mstari ulitoka mmoja, hasi. Akasema nirudi baada ya miezi mitatu maadamu nanyonyesha, akaandika tarehe kwa kalamu nyekundu ndani ya jalada la kadi ya mtoto.

Mume anafika Jumamosi. Nimeshamwambia kwa simu. Amesema tutakwenda wote Jumatatu asubuhi kabla hajapanda gari.