Mjadala: Mwanafunzi ajitafutie msimamizi wa utafiti, au idara impangie?

Mleta Mada
Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo linalogusa miaka mingi ya maisha ya watu. Ziko idara ambazo hazimpokei mwombaji wa shahada ya uzamivu mpaka awe amepata mwalimu aliyekubali kumsimamia, na ziko nyingine zinazompokea kwanza, kisha kikao cha idara ndicho kinachoamua nani amsimamie nani. Mimi nilipita njia ya pili. Nilipangiwa profesa mwenye jina kubwa ambaye hakuwa amewahi kuandika lolote kuhusu mada yangu. Sura yangu ya pili, ile ya mapitio ya machapisho, ilikaa kwake miezi saba, na iliporudi nilikuta alama moja tu ya kalamu nyekundu: mkato aliouongeza katika ukurasa wa tatu. Kurasa 46 zilizobaki zilirudi kama nilivyozipeleka. Ndiyo maana nasema mwanafunzi ajitafutie msimamizi kabla ya kujaza fomu yoyote. Asome makala ambazo mwalimu huyo ameandika miaka ya karibuni, na zaidi ya hapo azungumze na wanafunzi wake, walio naye sasa na waliokwisha kuhitimu, maana hao ndio wanaojua kama mtu anaisoma kazi au anaiacha mezani. Mnaonaje?

Mwalimu Mwandamizi
Nimeisoma hoja yote, lakini siwezi kuupita ule mkato. Ninasimamia wanafunzi tisa, ninafundisha kozi tatu, na ninatahini tasnifu za vyuo vingine. Huletewa sura ambazo wenyewe hawajazirudia hata mara moja: vyanzo vilivyotajwa ndani havimo katika marejeleo, na jedwali la nne linaelezwa kwa kirefu ilhali halipo. Msimamizi si mhariri wa kukodiwa. Na kuhusu huko kujitafutia, tuambizane ukweli. Kila wiki napokea barua pepe isemayo "nimevutiwa mno na utafiti wako" bila kutaja hata makala moja, na majuzi nilipata iliyoanza kwa jina la mwenzangu wa ofisi ya jirani. Anayelalamika kwamba walimu hawajibu barua, aanze kwa kuisoma barua yake mwenyewe.

Mtafiti wa Maabara
Mwalimu, kwa heshima yote, sentensi hiyo ya mwisho imenichoma. Niliandika barua 11, na kabla ya kila moja nilisoma makala mbili za mhusika, moja ya zamani na moja mpya, ili nione swali lake limehama kutoka wapi kwenda wapi. Nilijibiwa mbili. Wale tisa hawakuniandikia hata "nafasi zimejaa", maneno mawili ambayo yangeniokolea miezi minne ya kungoja. Srinivasa Ramanujan naye, yule mwanahisabati wa India, kabla ya kumwandikia G. H. Hardy mwezi Januari 1913, aliwaandikia wanahisabati wengine wa Cambridge na hakupata msaada. Je, naye tumwambie akaisome barua yake?

Mpenda Historia
Mfano wa Ramanujan unautumia kwa haraka, dada yangu. Wakati ule hakuwa mwanafunzi anayeomba kusimamiwa. Alikuwa karani wa ofisi ya bandari ya Madras aliyemtaka mtu ayatazame matokeo yake. Barua ilijaa kanuni zisizo na uthibitisho, na Hardy alilazimika kumwita mwenzake Littlewood wakae nazo jioni nzima ndipo aamini kwamba hazikuwa ulaghai. Kilichomshawishi Hardy kilikuwa hisabati iliyokuwa ndani ya barua ile.

Mtafiti wa Maabara
Na mimi nasema wale wengine nao walikuwa na hisabati hiyohiyo mbele yao. Tofauti ni kwamba mmoja alikaa akaisoma.

Mhitimu
Naomba niwape kinachofaa badala ya kuendelea kubishana juu ya barua za mwaka 1913. Barua iliyonipatia msimamizi ilikuwa na mistari minane. Mstari wa kwanza ulitaja makala yake kwa jina, wa pili na wa tatu ulieleza swali ambalo makala hiyo iliishia kulitaja bila kulijibu, kisha nikaeleza data nilizoweza kuzipata na mbinu niliyoifikiria, na mwisho nikaomba mazungumzo ya nusu saa tu. Sikuomba kusimamiwa katika barua ya kwanza, kwa sababu mtu humjui na yeye hakujui. Katika nusu saa ile nilimuuliza mambo mawili: wanafunzi wake humaliza kwa muda gani, na huirudisha sura baada ya siku ngapi. Alinijibu bila kuhesabu vidoleni, nikajua huyu anayafuatilia. Profesa mwenye jina kubwa nilimkwepa makusudi, kwa sababu hao huvuna walichopanda wanafunzi. Si mnamkumbuka yule wa pulsa, nyota zile zinazotuma mawimbi ya redio kwa mapigo, aliyechukua Nobeli ya mwanafunzi wake?

Mwalimu Mwandamizi
Hili siliachi lipite. Unawahukumu walimu wote kwa kisa unachokikumbuka nusunusu. Tuhuma ya kuiba kazi ya mwanafunzi ni nzito kuliko tuhuma nyingine yoyote unayoweza kumpa mtu wa taaluma yetu, na hapa imetupwa kama salamu.

Mpenda Historia
Tukiseme kisa kama kilivyokuwa. Jocelyn Bell, akiwa mwanafunzi wa uzamivu pale Cambridge mwaka 1967, aliona katika karatasi za kinasa mawimbi alama ndogo isiyofanana na vyanzo vya mawimbi vilivyozoeleka angani wala na mwingiliano wa mitambo ya hapa duniani, akaing'ang'ania mpaka ikathibitika kuwa pulsa. Mwaka 1974 Nobeli ya fizikia walipewa msimamizi wake, Antony Hewish, pamoja na Martin Ryle. Uamuzi huo ulikuwa wa watoaji wa tuzo; Hewish hakumpokonya mtu. Bell mwenyewe alipata kusema hadharani kwamba tuzo hiyo haifai kupewa wanafunzi wa utafiti isipokuwa kwa nadra sana. Mwaka 2018 alipopewa tuzo nyingine ya dola milioni 3 za Marekani, alizitoa zote zikawe ufadhili wa wanafunzi wa uzamivu wa fizikia kutoka makundi ambayo hayajapata nafasi ya kutosha.

Mhitimu
Nakubali kwamba nilimsingizia Hewish, na neno hilo nalifuta. Lakini sifuti wasiwasi wangu. Makala ikiandikwa kutoka katika tasnifu, jina la nani linatangulia? Mwanafunzi asiyeliuliza swali hilo mwanzoni hulijua jibu siku makala imekwisha kutoka.

Mtafiti wa Maabara
Katika maabara yetu tunaliandika. Siku ya kwanza tuliketi na msimamizi tukaorodhesha nani atapima, nani atachambua na nani ataandika rasimu, na ikakubaliwa kwamba anayeandika rasimu ya kwanza jina lake linatangulia. Ni karatasi moja, imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la vifaa. Imetuepusha na ugomvi mara mbili ninazozijua.

Mpenda Historia
Turudi kwa Mleta Mada, kwa sababu kupangiwa nako kuna sura mbili. Raymond Gosling, pale King's College London, alikuwa mwanafunzi chini ya Maurice Wilkins. Mkuu wa kitengo, John Randall, akamhamishia kwa Rosalind Franklin, naye akiwa chini ya Franklin ndiye aliyepiga Picha ya 51 mwezi Mei 1952, ile picha ya eksirei iliyosaidia kufichua umbo la DNA. Kwa mwanafunzi, kupangiwa kulizaa matunda. Lakini Wilkins hakuelezwa sawasawa kwamba kazi ile na mwanafunzi yule vilikuwa vimehamia kwa mtu mwingine, na uhusiano wake na Franklin haukutengemaa tena. Franklin alipoondoka mwaka 1953, Gosling akarudi kwa Wilkins amalizie. Kwa hiyo mimi naiuliza idara kwanza: je, kila anayehusika ameambiwa?

Nusu Njia
Samahani kwa kuingilia, mimi sizungumzii historia. Niko mwaka wa tatu. Msimamizi wangu nilimchagua mwenyewe, kwa kufuata yote anayoyasema Mleta Mada: nilisoma makala zake, nikaongea na wanafunzi wake, wakamsifu. Mwaka wa pili akapewa cheo cha utawala, na tangu hapo nimekutana naye mara mbili, moja ikiwa kwenye ngazi. Hakuwa mtu mbaya siku nilipomchagua na si mtu mbaya leo. Nataka kuhama, ila naogopa data nilizokusanya ndani ya mradi wake zitabaki kwake.

Mhitimu
Usihame kwa maneno ya mdomo. Anza kwa kuomba msimamizi wa pili, mwenye nafasi ya kusoma, huku wa kwanza akibaki na jina lake. Wengi hukubali kwa sababu heshima yao haijaguswa na mzigo umepungua. Ikishindikana, nenda kwa mratibu wa masomo ya uzamili ukiwa na tarehe: lini ulipeleka sura, lini ulikumbusha, lini mlikutana. Kuhusu data, tazama fomu ya ridhaa na mkataba wa ufadhili kabla ya kikao chochote, maana mara nyingi ndiyo yanayoeleza ni za nani.

Mleta Mada
Kisa cha Nusu Njia kimenitikisa, kwa sababu sikuwa nimemfikiria mtu aliyechagua vizuri kisha hali ikabadilika. Hata hivyo, Mwalimu, umeutetea mkato ule na walimu wenzako, lakini swali langu hujaligusa. Sura ya mwanafunzi ikae kwako muda gani?

Mwalimu Mwandamizi
Wiki tatu wakati wa masomo, tano wakati wa mitihani. Ikizidi hapo, mwanafunzi ana haki ya kuniandikia na kumnakili mratibu, nami sitachukia. Ninazo mbili zilizopita muda huo, na mwenye moja kati ya hizo hajanikumbusha hata mara moja. Nadhani anaogopa.

Nusu Njia
Mimi pia sikukumbusha mwaka mzima wa kwanza. Nakutana na mratibu Jumatano. Nimeshaanza kuziandika tarehe.