Mfumo wa malipo ya korosho: umeme ukikatika benki inapokea orodha mara mbili, na mizigo mingine inakwama bila kosa

stakabadhi_masasi

Wakuu, salaam. Tunajenga mfumo wa chama cha msingi cha ushirika cha wakulima (AMCOS) hapa Masasi, wa kufuatilia korosho toka mzani wa chama mpaka fedha inapoingia kwa mkulima. Karani anapima na kuandika daraja la ubora, gari linapeleka ghala kuu, ghala linapima tena na kutoa stakabadhi, mzigo unaingia katalogi ya mnada, mnunuzi analipa, makato yanatolewa, orodha inakwenda benki, mkulima anapata SMS. Tumechora kwa BPMN (alama za kuchora mtiririko wa kazi), injini inayouendesha mchoro ni Flowable ndani ya programu ya Java (Spring Boot), data zipo kwenye hifadhidata ya PostgreSQL.

Tuko kwenye majaribio na mazingira ya majaribio ya benki. Mambo matatu yanatusumbua:

1. Umeme ukikatika wakati wa malipo, tukiwasha seva orodha ileile inakwenda tena benki.
2. Mizigo 9 imesimama. Haisogei, na kwenye skrini hakuna kosa lolote.
3. Kuna mwenzetu anasema tuachane na injini, tuweke safu ya "hali" kwenye jedwali la mizigo basi. Ana haki?

fundi_mikindani

Mkuu, tuanze na la kwanza maana ndilo linalogusa fedha za watu.

Injini haiandiki kila hatua inapopita. Inatoka kituo kimoja cha kusubiri hadi kingine ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata, na muamala unathibitishwa mwishoni. Kituo cha kusubiri ni kazi ya mtu, taima, ujumbe unaongojewa, au hatua iliyowekewa async (inafanywa baadaye nyuma ya pazia, kwa muamala wake). Kwenu, nadhani, mhasibu anabonyeza "Idhinisha" na palepale injini inakokotoa makato, inatuma orodha benki na kutuma SMS, yote kwa mkupuo. Umeme ukikatika baada ya benki kupokea lakini kabla PostgreSQL haijathibitisha, hifadhidata inarudi hadi pale kwa mhasibu. Benki hairudi. Seva ikiwaka mhasibu anaikuta kazi yake bado ipo, anabonyeza tena. @Transactional (alama ya Spring inayofunga kazi kwenye muamala mmoja) haisaidii hapa, kwa sababu ombi lililokwishatoka nje halifutiki kwa kuifuta safu ya ndani.

Igaweni kazi hiyo hatua tatu. Ya kwanza izalishe namba ya kumbukumbu ya malipo na kuiandika kwenye jedwali lenu wenyewe, lenye UNIQUE (kizuizi cha kujirudia) kwa namba ya mzigo pamoja na awamu ya malipo. Ya pili ndiyo itume, nayo iwe na `flowable:async="true"` ili namba iwe imeshakaa kwenye diski kabla ombi halijatoka. Ya tatu, async vilevile, ishughulikie SMS. Wengi wanakosea kwa kuzalisha namba ndani ya hatua ya kutuma. Kila jaribio linapata namba mpya, na benki inaona ni malipo mapya.

Hata hivyo async peke yake haizuii marudio. Injini inahakikisha hatua inafanyika angalau mara moja, haihakikishi kwamba ni mara moja tu. Kwa hiyo hatua ya kutuma ianze kwa kuiuliza benki kama namba hiyo inayo. Inayo, chukua jibu lake usonge mbele. Haina, ndipo utume. Haijibu, toa kosa ili injini ijaribu baadaye. Kimya cha benki kisichukuliwe kuwa imekataa. Na kama benki yenu haina huduma ya kuuliza hali ya malipo wala haikatai namba iliyojirudia, msiruhusu injini irudie yenyewe kabisa. Ikishindwa mara moja, kazi iende kwa mhasibu alinganishe na taarifa ya benki kwa macho yake.

Kupima: simamisha programu mara tu jibu la benki linapofika, iue ghafla kwa amri ya `kill -9`, washa upya, kisha hesabu maombi yaliyopokelewa upande wa benki. Kuzima seva kwa utaratibu hakutaonyesha tatizo hili, kwa sababu programu inapewa nafasi ya kumaliza ilichoshika.

KusiniDev

La pili: fungua jedwali `ACT_RU_DEADLETTER_JOB`. Hatua ya async ikishindwa Flowable huirudia, na kwa kawaida ni mara 3. Zikiisha inahamishiwa humo na haiguswi tena. Mtumiaji haoni kosa kwa sababu kosa lilitokea nyuma ya pazia, yeye akiwa ameshafunga skrini. Safu ya `EXCEPTION_MSG_` itakuambia sababu. Ukisharekebisha, irudishe kwa `moveDeadLetterJobToExecutableJob` ukitaja idadi ya majaribio.

Mara 3 za haraka hazitoshi kwa intaneti inayopotea nusu saa nzima. Kwenye hatua zinazokwenda nje weka `failedJobRetryTimeCycle` yenye `R5/PT10M`, yaani majaribio 5 yaliyopishana dakika 10. Na iwepo ripoti ya kila asubuhi inayohesabu jedwali hilo na kumtumia mtu mwenye jina, siyo sanduku la barua ambalo halifunguliwi na yeyote.

stakabadhi_masasi

Asanteni sana. Kati ya mizigo 9, 7 nimeikuta humo. Mitano ni benki kutojibu. Miwili inasema hakuna njia ya kutokea kwenye njia panda ya daraja (pale mchoro unapogawanyika kufuata daraja). Miwili iliyobaki haimo kabisa, na haipo kwenye kazi za mtu yeyote.

KusiniDev

Ya daraja ni rahisi: mna sharti la daraja 1 na sharti la daraja 2, na karani aliacha wazi. Kila njia panda ya kuchagua iwe na njia ya msingi (inayofuatwa sharti lolote lisipotimia), na hiyo iende kwa mtu, "Hakiki daraja". Isielekezwe kimyakimya daraja la pili, maana hapo unampunguzia mkulima bei kwa sababu ya fomu.

Miwili iliyobaki, tazama mchoro pale mizani miwili inapolinganishwa. Nakisia mmetoka kwa njia panda ya kuchagua (alama ya X), tawi moja kwa uzito uliolingana na jingine kwa uliopishana, halafu mkakutanisha kwa njia panda sambamba (alama ya kujumlisha). Sambamba inasubiri matawi yote yafike. Limechaguliwa moja tu, hivyo itasubiri milele, na kwa injini hilo si kosa. Aliyetoka kwa X akutane kwa X.

Kinyume chake ni kibaya zaidi: ukitawanya kwa sambamba na kukutanisha kwa X, kila tawi linapita peke yake na hatua zote za mbele zinafanyika mara mbili, malipo yakiwemo. Kagueni mchoro mzima kwa jicho hilo.

Kingine: ujumbe wa mnunuzi kulipa ukifika kabla mzigo haujafika kwenye kituo cha kuungojea, injini itaukataa. Uhifadhini kwanza kwenye jedwali la ujumbe ulioingia, kisha jaribuni kuukabidhi mpaka upokelewe.

Mhasibu_Nachingwea

Kwa swali la 3: kama mfumo ungeishia kwenye mzani wa chama, mwenzako angekuwa na haki, hatua nne na karani mmoja hazihitaji injini. Huu wenu unapita chama, ghala, mnada, mnunuzi na benki, na mzigo mmoja unaweza kukaa siku nyingi ukingoja. Safu ya hali itawalazimu kuandika wenyewe taima, marudio na historia ya nani aliidhinisha. Bakini na injini. Temporal, injini nyingine, nayo inahimili kazi ndefu, ila mtiririko wake uko ndani ya programu. Mchoro wa BPMN unaweza kuubandika ukutani na bodi ya chama ikausoma.

Makato yasikae ndani ya mchoro. Ukipakia toleo jipya, mizigo iliyokwishaanza inaendelea na toleo la zamani, kwa hiyo kiwango kikibadilika katikati ya msimu mtakuwa na mizigo ya aina mbili. Yawekeni kwenye jedwali lenye tarehe ya kuanza na kuisha, mkubaliane kwa maandishi tarehe ipi inatumika: ya kupima, ya mnada au ya kulipa. Kilo na shilingi zikae kwenye `BigDecimal` (aina ya namba ya Java inayotunza desimali kamili), siyo `double` (inayokadiria); senti zinazopotea kwenye kila jina zitafanya orodha isilingane na hundi ya mnunuzi.

Taima: `P2D` ni siku mbili za kalenda, Jumamosi na Jumapili zimo. Seva ikizimika siku nzima, taima zote zilizopitwa zinalipuka pamoja ikiwaka, na wakulima watapokea SMS za ucheleweshaji wa jana. Kabla ya kutuma, hatua ya SMS iangalie kwanza kama hali bado ni ileile.

Na akaunti moja yenye kosa isizuie mzigo mzima. Jina lililorudishwa na benki lifunguliwe mchakato wake mdogo wa marekebisho, wengine walipwe.

stakabadhi_masasi

Njia panda ilikuwa hivyohivyo, X imekutanishwa kwa sambamba. Mizigo hiyo miwili niifute, au kuna namna ya kuiokoa?

KusiniDev

Usifute, utapoteza historia ya mizani. Pakia toleo lililosahihishwa, kisha ihamishe mizigo hiyo kwa `createProcessInstanceMigrationBuilder`, ukitaja kwamba iliyosimama kwenye njia panda ya zamani iende kwenye hatua inayofuata. Jaribu kwanza kwenye nakala ya hifadhidata, na uhakikishe hakuna mzigo uliokwishapewa namba ya malipo.