RR Lyrae: kwa nini napata siku 1.31 badala ya 0.567?

Mkeshaji
Wakuu, nisaidieni kabla sijaitupa kamera. Kwa usiku 23 nimeipiga picha RR Lyrae, nyota ambayo mwangaza wake hupanda na kushuka kwa kipindi kilekile: lenzi ya milimita 135, picha thelathini za sekunde mbili kila usiku, nikaziunganisha kupunguza chenga. Mwangaza nimeupima kwa kulinganisha na nyota mbili jirani zisizobadilika. Lomb-Scargle, hesabu ya kutafuta kipindi kwenye data, inanipa kilele kirefu kwenye siku 1.31, na kingine kwenye 4.24. Vitabuni ni 0.567. Cha ajabu, nikikunja data kwa 1.31, yaani nikiipanga mizunguko yote juu ya mmoja, nukta zinajipanga safi: inapanda ghafla, inashuka taratibu, kama inavyotakiwa. Ila za kileleni, nyota inapong'aa zaidi, hazikutani; za wiki ya kwanza ziko juu ya za wiki ya tatu. Nimekosea wapi? Nilipiga kila siku saa tatu usiku, watoto wakishalala.

Fundi Grafu
"Kila siku saa tatu usiku." Umejijibu, mkuu.

Chukua kikokotoo. 1 gawanya kwa 1.31 unapata mizunguko 0.763 kwa siku. Jumlisha 1: 1.763. Sasa 1 gawanya kwa hiyo: 0.567. Ukiichungulia nyota mara moja kwa siku, saa ileile, huwezi kujua kama tangu jana imezunguka robo tatu au mzunguko mzima na robo tatu. Nukta zinaangukia palepale, kwa hiyo mkunjo kupendeza si ushahidi.

Hiyo 4.24 nayo ni kivuli, kipindi cha uongo: 1 gawanya kwa 0.567 ni 1.764, 2 toa 1.764 ni 0.236, na 1 gawanya kwa 0.236 ni 4.24. Ikunje uone, itapanda polepole na kuporomoka ghafla, kama mkanda unaorudishwa nyuma. Itupe. Mbili zilizobaki, 0.567 na 1.31, zinaamuliwa na usiku mmoja mrefu: kwa saa nane, nyota ya 0.567 inapita zaidi ya nusu ya mzunguko, ya 1.31 robo tu.

Bibi Darubini
La kipindi limekwisha, mimi nina la kileleni. Usizifute nukta hizo, mwanangu! Ni athari ya Blazhko: kimo cha kilele na wakati wake hubadilika taratibu, kwa RR Lyrae ni siku 40 hivi. Sergey Blazhko aliigundua mwaka 1907 kwenye nyota nyingine, RW Draconis. Mpigo wenyewe, nyota kuvimba na kusinyaa, tunauelewa: heliamu inayopoteza elektroni hunasa joto, tabaka lake linavimba, linaachia joto, linarudi. Mpigo kubadilika juu ya mpigo, hapo ndipo wataalamu bado wanabishana. Usiku 23 ni zaidi kidogo tu ya nusu ya mzunguko huo, kwa hiyo endelea kupiga.

Mkeshaji
Nimerudi. Juzi nilianza saa mbili usiku, picha kila dakika tano. Saa sita ilikuwa imefifia kabisa. Kufika saa nane na nusu imepanda karibu magnitudo (kipimo cha mwangaza wa nyota) nzima. Nikikunja kwa 1.31, nukta za usiku huo zinapanda kwa kasi zaidi ya mara mbili ya mkunjo wenyewe. Kwa 0.567 zimeingia zote. Bibi, na za kileleni nimezirudisha.

Betri ilikata saa tisa na nusu. Nani anaendesha kamera kwa umeme wa ukutani usiku kucha, na anafanyaje?